Tunda la Sikudhani na Togwa Chachu

— Nimebeba ngano.
— Itue.
— Nzito.
— Tutakupokea.
— Mwenye haraka?
— Na atangulie.

Basi kaeni. Endeleeni kupukuchua mahindi, mikono ina kazi yake na masikio yana kazi yake. Ngano hii mimi siipendi. Kila nikiisimulia najikuta natazama chini, na leo nitatazama chini vilevile, msiniulize kwa nini.

Hapo kale, huko milimani, ukungu ulipokuwa mwingi kuliko watu, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Sikudhani. Mumewe ni Mhando, mtu mpole, na walikaa ua mmoja na mama yake Mhando, Bi Mwantumu. Sikudhani alikuwa hodari. Kulima, hodari. Kusuka mikeka, hodari. Kuchota maji, wa kwanza kisimani. Lakini togwa yake, jamani, togwa yake ilikuwa chachu ya kukukunja uso.

Na togwa, uji huo wa kimea unaonywewa baridi, kwa watu wa mlimani si kitu cha mchezo. Wao hulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba ndiye anayetoa togwa. Ikiwa tamu, watu wanarudi. Ikiwa mbaya, huyu mgongo unamuuma, yule kapata mgeni, wa tatu hata sababu hatafuti. Shamba la Sikudhani likaota majani mpaka kiunoni. Wanawake kisimani wakamuuliza, "Mwenzetu, ile ni togwa au dawa ya minyoo?" Wakicheka, naye anacheka. Akifika nyumbani analia.

Mtasema, si aende akafundishwe? Thubutu. "Mimi nifundishwe kupika uji, mtu mzima na meno yangu yote?" Ndivyo alivyokuwa.

Siku moja akapita mchuuzi wa vyungu, katoka mbali, kule linakozama jua. Akaomba maji ya kunywa, Sikudhani akampa. Mchuuzi akamfungulia kipande cha jani la mgomba. Ndani mna vitunda vyekundu, vidogo kama buni mbivu.

"Kula kimoja," akasema, "kisha ung'ate ndimu."

Sikudhani akala. Akang'ata ndimu. Ndimu tamu, utasema muwa. Akaitazama ndimu, akamtazama mchuuzi.

"Ndimu haikubadilika," mchuuzi akamwambia. "Ni ulimi wako umedanganyika. Nao haudanganyiki sana. Muda wa kupukuchua ungo mmoja wa mahindi, basi, umerudi akilini."

"Nataka mbegu."

"Mbegu zimo humo humo ndani ya matunda. Ila panda leo, ikikauka imekufa. Ipe udongo wa msituni, ipe kivuli, inyweshe maji ya mvua. Na ujitayarishe, itakutesa."

Ikamtesa kweli. Alipanda mbegu tano katika chungu kilichovunjika mdomo, akakificha nyuma ya jiko, chini ya migomba. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ya sita vikachomoza vichipukizi viwili. Kimoja kikaliwa na kuku, huyo kuku naye akaliwa siku hiyohiyo. Kikabaki kimoja. Mwaka wa kwanza urefu wa kidole. Mwaka wa pili, shibiri. Mwaka wa tatu, goti. Mwaka wa nne mti ukatoa maua meupe, madogo, na baada ya maua, matunda mekundu. Si mengi. Sikudhani alikuwa akiyahesabu kila asubuhi kabla hajanawa uso.

Hakumwambia mtu. Wala mume. Mkono wa birika, huyo.

Ikafika zamu yake ya kulimiwa. Wakaja wachache, kwa huruma. Sikudhani akasimama na sahani mlangoni, kila anayeingia anampa kitunda kimoja, anamwimbia:

Anza na hili...
— Ndipo unywe.
Anza na hili...
— Ndipo unywe.

Eh, vizuri, mmeitikia vizuri. Wakaanza na hilo, ndipo wakanywa. Wakatazamana. "Sikudhani, leo kakupikia nani?" "Nimepika mwenyewe." Wakanywa mpaka mtungi ukalia. Bi Mwantumu naye alikuwa kakaa pale ukutani na kikombe chake. Yeye hakupewa tunda. Sikudhani alipomfikia alimpita na sahani, akisema moyoni, huyu wa nyumbani, atakwenda wapi? Bi Mwantumu akanywa, akapangusa midomo. "Tamu," akasema. "Nitilie kingine."

Mara ya pili walikuja wageni wa Mhando kutoka bonde la pili. Sahani mlangoni. Anza na hili, ndipo unywe. Wakasifu, wakaondoka wakisifu. Bi Mwantumu akapitwa tena. "Tamu. Nitilie kingine."

Basi kichwa kikavimba. Shamba likawa safi, watu wanagombania zamu yake. Wanawake kisimani wakamwomba awafundishe, akajibu, "Ni mkono tu, mwenzangu, mtu huzaliwa nao." Kajivika mwenyewe kilemba cha ukoka, na kinampendeza machoni pake.

Sasa ikaja mara ya tatu. Hapa acheni mahindi kidogo.

Mhando alikuwa na dada, jina lake Zawena. Zawena alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu, rika lake lote limeolewa, na hatimaye kapata mtu anampenda naye anampenda. Lakini watu wa huyo bwana walikuwa wachaguzi. Nyumba mbili walishaziacha, moja kwa sababu ua haukufagiliwa. Wakatuma kusema wanakuja na posa. Zawena akamshika wifi yake mikono miwili. "Wifi, mimi sina mwingine. Togwa ya siku hiyo ni yako."

"Wifi yangu," Sikudhani akasema, "lala usingizi."

Wakaja watu tisa. Sikudhani akapanga matunda tisa kwenye sahani. Anza na hili, ndipo unywe. Wakala, wakatema mbegu, wakakaa. Vikombe vikagawiwa. Na hapo, wenzangu, ndipo Sikudhani alipokumbuka kitu ambacho kila mtu wa mlimani anakijua tangu kunyonya. Penye posa, kikombe unakishika tu. Hakigusi mdomo mpaka mshenga amalize maneno yake.

Na mshenga alikuwa Mzee Shemhilu.

Mzee Shemhilu akakohoa. Akasalimia waliopo. Akasalimia wasiopo. Akaulizia mvua, akaulizia mbuzi. Akasimulia walivyovuka mto. Sikudhani kasimama mlangoni, jasho linamchuruzika mgongoni. Ungo mmoja wa mahindi umeshapukuchuliwa. Wa pili unaelekea kwisha.

"Babu," akasema kwa heshima, "koo halijakauka?"

"Bado, mjukuu wangu. Ndiyo kwanza nafika kwa babu yangu."

Akafika kwa babu yake. Akapita, akaenda kwa baba wa babu yake. Hata alipotaja posa, ungo wa tatu nao umekwisha.

"Sasa tunywe," akasema Mzee Shemhilu.

Wakanywa. Mama mmoja aliibana togwa shavuni, hajui aimeze au afanye nini. Kijana mmoja alitoka nje, wakamsikia anatema. Mzee Shemhilu akakiweka kikombe chini taratibu. "Kwetu," akasema, "mgeni akipewa chachu, ameambiwa arudi alikotoka." Nyuma ya pazia Zawena akaanza kulia, na wote wakamsikia.

Aibu ilimshika Sikudhani. Ilimshika masikioni, yakawaka moto. Alitamani kukimbia, na alipotaka kukimbia akaona mlango umejaa watu wa kijiji waliokuja kushuhudia, wale wale wa kisimani. Hawakucheka. Wangecheka ingekuwa nafuu.

Kisha ikasikika sauti ya mtu anakunywa. Bi Mwantumu. Kakiinua kikombe, anakunywa, funda kwa funda, mpaka chini. Akapangusa midomo.

"Tamu," akasema. "Nitilie kingine."

Mzee Shemhilu akamkazia macho. "Bi Mwantumu, unanywa kweli hiki?"

"Nakunywa mbele yako. Kapika mke wa mwanangu."

Maneno yote ya Mzee, siku hiyo, yalimwishia. Akakiokota kikombe, akafumba macho, akanywa mpaka chini. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja. "Binti wa mama huyu," akasema huku machozi ya uchachu yanamtoka, "hatutamwacha." Posa ikapokewa.

Wageni walipoondoka, Sikudhani hakuingia ndani. Alikwenda nyuma ya jiko. Kwenye mti wake yalikuwa yamebaki matunda matatu. Akayachuma, akaja kumpigia magoti Bi Mwantumu.

"Mama. Wewe sikuwahi kukupa tunda."

"Hukuwahi."

"Siku ya kulimiwa?"

"Hukunipa."

"Na siku ya wageni wa bonde la pili?"

"Hukunipa, mwanangu. Ulinipita hapa, nikaona hata ukingo wa sahani."

"Sasa ulikuwa unakunywa nini?"

"Togwa yako."

Sikudhani akainamisha uso mpaka kipaji kikagusa goti la mkwewe. Akauliza akiwa hapo hapo chini, maana kuinua macho hakuweza, "Nakosea wapi?"

"Kimea unakitia uji ungali moto. Kinaungua, hakifanyi kazi. Ungoje upoe kwanza, uwe vuguvugu."

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Tangu wiki uliyoolewa."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Mama mkwe hatii mkono katika chungu cha mke wa mwanawe mpaka aombwe. Nilikuwa nangoja uniombe."

Miaka tisa ya ndoa. Mti aliuvumilia miaka minne, anauhesabia majani. Uji hakuuvumilia upoe. Na mtu wa ua wake mwenyewe, anayeamkiana naye kila siku, hakumuuliza neno.

Sikudhani akanyoosha mkono, matunda matatu yamo kiganjani. "Tafadhali, mama. Kula hata moja. Kisha nitakupa ndimu, uone ilivyo tamu."

Bi Mwantumu akayatazama. Akamfumba vidole, kimoja kimoja, juu ya yale matunda, bila hasira.

"Kaa nayo, mwanangu," akasema. "Mimi nimeshazoea."

Ngano yangu nimeitua hapo.
— Tumeipokea.
Atakayeisimulia kesho asiipunguze.
— Hatuipunguzi.
Wala asiitie sukari.
— Hatuitii.