Kigoda cha Moto na Chenso Iliyoitwa Sisimizi

Hapo zamani, sio zamani ile ya fisi kuongea, ni zamani ya juzi tu, petroli ilishaanza kunukia mpaka vichakani, kulikuwa na ukoo mmoja kule Mufindi, ukoo wa Kinyamagoha. Wakata miti hasa! Mtoto wao akizaliwa halii, ananguruma kama injini. Na wewe unayecheka hapo nyuma, ujue mimi nikisimulia kitu huwa nimekipunguza.

Kila mwaka mwezi wa sita, mahindi yakishaingia ndani, ukoo mzima ulikuwa unaenda kupiga kambi msituni siku tatu. Mahema, mbuzi mmoja, na baridi. Baridi ya Mufindi mnaijua? Ukipiga chafya, chafya inaganda hewani, inakuangukia mguuni kama kokoto. Kwa hiyo kambini mkubwa ni moto, na pembeni ya moto kuna kigoda. Kimoja tu, cha miguu mitatu. Anayekikalia ndiye anayeonja ini la mbuzi kabla ya wote. Ndiye anayesema mwakani kambi itakuwa wapi. Na kila anayepita mbele yake, hata awe shangazi mwenye hasira, lazima ainame atoe salamu ya heshima, "Kamwene!"

Mzee Kinyamagoha alikikalia kigoda hicho miaka thelathini. Mwaka huo akatangaza, "Wanangu, mgongo umegoma. Kigoda nakitoa. Atakayefanya jambo la kuupa ukoo sifa kambini, akalie."

Wanawe walikuwa watatu. Gaudensia, dada mkubwa, ulimi wake ukichongwa unatoa msumari. Kastori, wa katikati, fundi, mtu wa kukagua kitu mara saba halafu anaanza upya. Na Onesmo, kitindamimba, mikono yake imetulia kiasi kwamba anaweza kukukata kucha kwa chenso, msumeno wa injini, na wewe unasinzia.

Sasa mzee alikuwa na chenso yake ya zamani, jina lake Nyati. Bapa lake, kile chuma kirefu kinachozungukwa na mnyororo, lilikuwa na urefu wa kitanda cha mgeni. Nyati akiwashwa Mufindi, Makambako wanafunga madirisha. Na katika ukoo ule, mtu alipimwa kwa urefu wa bapa lake. Ukija na fupi, unakaa na watoto.

Gaudensia akatumwa Iringa mjini kununua chenso mpya ya kambi. Mwenye duka akamwonyesha kubwa, akakataa. Akamwonyesha kubwa zaidi, Gaudensia akamwambia, "Kaka, mimi naenda kambini kupasua kuni na kufungua njia. Siendi kuangusha msitu. Nipe ndogo, nyepesi, yenye breki ya mnyororo, ambayo mkono ukichoka bado unaimudu."

Akarudi nayo. Mzee akaiona, akacheka mpaka misonobari ikadondosha mbegu.

"Mwanangu Gaudensia! Hii ni ya kukatia miti au ya kunyolea ndevu?"

"Baba, kuni haziogopi ukubwa, zinaogopa meno."

"Basi iite Sisimizi!" Ikaitwa Sisimizi.

Kastori akaichukua Sisimizi. Wiki nzima yuko na tupa, ananoa jino kwa jino. Anachanganya petroli na oili kwa kipimo, habahatishi. Anakaza mnyororo, anaulegeza, anaukaza. Halafu akafunga begi: kofia ngumu yenye wavu wa kukinga macho, mabuti, glovu, kabari mbili za mti, na suruali nene ya kukatia miti, ile yenye nyuzi nyingi ndani.

Onesmo akamcheka. "Kaka, unaenda kambini au vitani?"

"Naenda kurudi," akasema Kastori. "Na miguu yangu miwili."

Basi wakafika. Asubuhi ya kwanza, mahema yamesimama, mbuzi anapiga kelele, moto bado. Mzee akaona gogo. Gogo gani! Lilikuwa limeangushwa na upepo, limelala juu ya kisiki, limejikunja kama upinde, na mwisho wake unaning'inia juu ya mtaro wa maji. Mzee akamkamata Nyati. Miguuni kandambili, kichwani kikofia cha sufu.

"Baba, vaa buti," akasema Kastori.

"Mimi nimekata miti kabla buti halijazaliwa!"

Akaingia mtaroni, upande uleule ambao gogo lilikuwa linaelekea, akazamisha Nyati mzima kwa pupa. Gogo lile lilikuwa na hasira ya miezi. Likapasuka paaa! Ndege waliokuwa Songea wakahama. Vumbi lilipotulia, Nyati amebanwa ndani ya mti, kimya. Mzee kalala mtaroni, mguu chini ya gogo, maji ya baridi yanampita kifuani.

Watu wazima kumi na wawili wakasukuma. Gogo likawatazama tu. Wakamvuta Nyati, hatoki. Midomo ya mzee ikaanza kuwa ya bluu. Akiendelea kulala kwenye maji yale, kambi inageuka msiba.

Onesmo akamrukia Sisimizi, pekupeku. Kastori akamdaka ukosi.

"Vaa!"

"Baba anakufa!"

"Vaa, nimesema! Siziki wawili!"

Mzee akafoka kutoka mtaroni, meno yanagongana, "Mnavalishana kama bi harusi, na mimi huku naganda!"

Lakini Kastori hakumwachia. Suruali, mabuti, kofia, glovu. Kisha akapigilia kabari zote mbili chini ya gogo ili lisimviringikie baba. Ndipo akasema, "Haya, kata."

Onesmo akaingia. Pale palikuwa pembamba, Nyati asingepita hata kwa kuomba. Sisimizi akapita. Onesmo hakukurupuka. Akalipapasa gogo kama daktari wa ng'ombe, akaona wapi limebanwa na wapi limevutika. Akakata kidogo kwa chini, palipobanwa. Akatoa. Akaja juu, palipovutika, taratibu, ndriii, ndriii, mwili wake pembeni, gogo likalia, watu wakafumba macho. Kaa! Likakatika, wala halikuruka.

Ila Sisimizi alipomaliza mti akapitiliza, akashuka na mnyororo unazunguka, moja kwa moja kwenye paja la Onesmo. Mama yangu! Nyuzi za suruali zikatoka kama matumbo ya mto wa kulalia, zikajisokota kwenye mnyororo, Sisimizi akazimika palepale. Paja? Halina hata mkwaruzo.

Kipande kilichobaki wakakiinua wanne. Mzee akatoka, mguu umevimba kama mtungi, lakini mzima, anatukana vizuri kabisa.

Kuni zikapatikana, gogo lilelile. Moto ukawaka mpaka Njombe wakavua makoti. Mzee kalazwa kwenye blanketi, mbuzi kaiva, ini liko kwenye sahani, kigoda kitupu.

Gaudensia akasimama. "Nipisheni. Ningewasikiliza, tungekuja na Nyati wawili, na wote wangebanwa. Mlinicheka mimi, na aliyepita pale ni Sisimizi wangu. Kigoda changu."

Kastori akasimama. "Dada, Sisimizi mwenye meno butu ni sufuria. Nani alimnoa? Nyinyi mnamsifu aliyemwokoa baba. Mimi nimemwokoa aliyemwokoa baba! Bila suruali yangu tungekuwa na vilema wawili. Kigoda changu."

Onesmo akasimama, suruali inaning'inia nyuzi. "Chenso dukani haikati. Suruali kwenye begi haikati. Nani aliingia chini ya lile gogo? Nyinyi mlikuwa mmefumba macho, nimewaona! Kigoda changu."

Mzee naye akainua kichwa. "Subirini kwanza. Ni nani aliyebanwa? Nisingebanwa, nyinyi mngeonyeshea wapi hizo sifa zenu? Kigoda bado changu!"

Wakacheka wote, ila hakuna aliyerudi nyuma hata hatua. Ukoo wa Kinyamagoha haukai chini kwa kushindwa. Wapo wamesimama kukizunguka kigoda, vifua mbele, moto unawaunguza magoti, wananisubiri mimi niwapelekee jibu. Na mimi najua kila kitu, isipokuwa hili.

Haya, semeni nyinyi, na mseme haraka maana ini linapoa. Aliyechagua, aliyeandaa, au aliyekata: je, nani alistahili kuambiwa "Kamwene"?