Tupa Iliyokosea Freti

"Inayolia siyo iliyoinuka." Mmemsikia shangazi yenu akiisema mkacheka, mkadhani ni maneno ya jikoni. Hapana. Ilitoka kwenye gitaa, hapahapa Morogoro, nami nitawaeleza ilivyokuwa.

Palikuwa na kiongozi wa bendi, Kasiani Kobelo, mpiga solo hodari aliyependa kujisikia akipiga. Gitaa lake lilianguka jukwaani, shingo ikavunjika. Akaagiza shingo mpya Dar es Salaam, akaifunga mwenyewe kwa skrubu nne, maana Kasiani hakuwa mtu wa kumwachia mwingine kazi. Ilikaa vizuri. Lakini kila alipobana uzi kwenye freti ya tano, yaani kile kichuma cha tano kinachokatiza shingo, sauti ilikwaruza vibaya. Akachukua tupa akaikwangua hiyo ya tano. Ikazidi kulia. Akaikwangua tena.

Wiki hiyohiyo alikuwa na kero nyingine. Mdogo wake Skolastika, mwimbaji wa bendi, alilalamika kila mazoezi: nyimbo zinapigwa juu mno kwa sauti yake, na solo inamwingilia katikati ya beti. Kasiani alimjibu kwa kumpunguzia sehemu za kuimba, kwanza beti moja, kisha wimbo mzima. Malalamiko yakazidi. Ijumaa akamwambia kwamba harusi watakayopiga kesho yake ndiyo itakuwa mara yake ya mwisho kuimba na bendi. Kauli hiyo ilimuuma mwenyewe, kwani walianza kuimba pamoja katika kwaya ya kanisa la kigango wangali watoto.

Jumamosi asubuhi akapeleka gitaa kwa Fundi Mloka. Mzee akalipakata, akakunja uso.

"Nani kaichokoza hii ya tano?"

"Mimi, fundi. Si ndiyo inayolia?"

"Inalia, ndiyo. Umeiuliza inalia nini?"

Akalaza rula fupi ya chuma juu ya freti tatu, ya tano hadi ya saba. Rula ikacheza kama meza yenye mguu mfupi.

"Umeona? Ya sita ndiyo iliyoinuka. Ukibana ya tano, uzi unakwenda kugonga jirani yake. Ya tano inaonewa, inapiga kelele, nawe bwana mkubwa unakuja na tupa unaipunguza iliyoonewa!"

"Basi iteremshe hiyo ya sita, fundi, nina harusi jioni."

"Ungekuja mapema ningeiteremsha hiyo moja tu. Sasa umeshaichimba ya tano. Itabidi zote zishuke ziifuate."

Akazipaka wino freti zote ili aone tupa inapogusa, akapitisha tupa ndefu bapa polepole, shingo nzima. Ya sita ikawa ya kwanza kung'aa, ya tano ikawa ya mwisho. Akazichonga migongo, akazisugua, akarudisha nyuzi. Kasiani akabana ya tano. Ikatoka sauti safi kabisa.

Badala ya kufurahi, aliliweka gitaa chini. Aibu ilimshika.

"Kumbe inayolia siyo iliyoinuka," akasema.

"Wapigaji wengi hawalijui hilo," fundi akajibu, akikusanya tupa zake.

Kasiani akaenda moja kwa moja kwa Skolastika. Alimkuta anapiga pasi gauni la harusini, hakuinua macho.

"Skola, aliyeinuka ni mimi. Nyimbo zote nitazishusha zifike sauti yako, na solo itasubiri umalize."

"Na ule wimbo ulioninyang'anya, kaka?"

"Utauimba leo."

"Na ile beti?"

"Nayo. Na kesho uje mazoezini, na keshokutwa. Nisamehe, mdogo wangu."

Skolastika akageuza gauni upande wa pili.

"Keti basi, nimalize mkono huu twende."

Tangu siku hiyo, katika bendi ile mtu akilalamika, Kasiani aliuliza kwanza nani anapiga karibu yake, na mara nyingi alianza kujiuliza mwenyewe. Nanyi akiwalilia mtu, msimkimbilie na tupa. Inayolia siyo iliyoinuka.