Kibati cha Jina Moja

Hapo zamani ambazo tarehe yake inajulikana, yaani Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Mghoi Wakio Mwashighadi, mtengenezaji wa seli za sola, alikuwa ameketi katika kituo cha setilaiti cha Ndolwa, kwenye vilima vya Taita.

Juu, umbali wa kilomita mia tano, setilaiti ya majaribio iitwayo Kimulimuli ilikuwa ikipita. Ilikuwa ndogo, mtu angeweza kuipakata kama mtoto mchanga. Ubavu mmoja ulivaa seli za kawaida, zilizokwisha kuaminiwa. Ubavu wa pili ulivaa seli mpya za Mghoi, alizozihangaikia maabarani miaka sita. Sharti la jaribio lilikuwa moja: ubavu wa Mghoi ndio uelekezwe jua kwa saa arobaini na nane, bila setilaiti kugeuzwa. Zilikuwa zimebaki saa tisa.

"Wati tatu," akasema Mwadime Shako, mrusha amri za setilaiti. "Juzi nane, jana tano, leo tatu. Dada Mghoi, seli zako zimefunga Kwaresima?"

Hakuna aliyecheka. Betri ilisoma asilimia kumi na tisa. Ikishuka chini ya tano, Kimulimuli ingenyamaza, na setilaiti ya namna hiyo ikinyamaza haiamki.

Mzee Kirigha Nyambu, mkaguzi wa amri, akavua miwani. "Mwanangu, jaribio ni lako, na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kulikatiza. Tuigeuze, seli za kawaida zitazame jua, au tungoje?"

"Tungoje mzunguko mmoja, Mzee."

Neno lilipomtoka alijua kuwa ameziogopea seli zake, hakuiogopea setilaiti.

Kimulimuli ikazama upeoni. Mzunguko mmoja ni dakika tisini na tano, na thelathini na tano kati ya hizo hupita ndani ya kivuli cha dunia, ambako jua halipo na betri hutafuna akiba yake. Mghoi akazihesabu zote. Sasa imeingia kivulini. Sasa inapoa. Sasa inakula asilimia ya kumi na mbili. Sasa ya kumi. Chai aliyomiminiwa ikaota utando. Baada ya pito lijalo juu ya kituo, Kimulimuli isingeonekana tena Ndolwa kwa nusu siku. Kwa hiyo lililokuwa la kufanywa lingefanywa katika dakika nane za pito hilo, au lisifanywe kabisa.

Saa tano na dakika arobaini na saba antena ikainuka, ikatafuta. Dakika ya kwanza, kimya. Dakika ya pili, kimya. Dakika ya tatu, mlio mwembamba kama wa mbu nyuma ya ukuta.

"Asilimia sita," akasema Mwadime, na safari hii hakuongeza mzaha.

"Geuzeni," akasema Mghoi.

"Jaribio litakufa, mwanangu."

"Na life, Mzee. Geuzeni!"

Umeme uliobaki ulitosha mgeuko mmoja tu. Tarakimu moja ikikosewa, ubavu usiofaa ungelitazama jua, na habari ingeishia hapo. Na Ndolwa kulikuwa na desturi: hakuna amri iliyorushwa kabla ya kusomwa na wawili, tarakimu kwa tarakimu, mmoja akiiandika na kuitamka, mwingine akiitikia kutoka kwenye karatasi, kama darasa la kwanza linavyoimba hesabu. Amri hii ilikuwa na tarakimu ishirini na nne.

"Sifuri," akasoma Mwadime.

"Sifuri," akaitikia Mzee Kirigha.

"Nne."

"Nne."

Mzee hakuharakisha, kwa kuwa hakuwahi kuharakisha. Dakika ya tano ikapita. Ya sita ikapita. Mlio ukafifia.

"Mzee, tutaimba mpaka maiti ipoe!" Mwadime akaacha kusoma, akaandika kimyakimya, vidole mbio.

Mzee Kirigha hakuacha. Akaendelea peke yake, kidole juu ya karatasi: "Moja. Saba. Mbili."

Vidole vya Mwadime vikasimama. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na moja, mbili, saba. Akafuta, akaandika upya, akamalizia zilizobaki.

"Nane," Mzee akaendelea. "Sifuri. Bado sita, bwana mdogo, usi—"

Mwadime akabonyeza. Sekunde kumi na moja baadaye mlio ukakatika.

Dakika thelathini na nane walikaa wakiitazama simu, bila kujua kama amri imefika. Ilipolia, hakuna aliyetaka kuishika. Hatimaye Mzee Kirigha akanyoosha mkono. Kituo rafiki, ng'ambo ya bahari, kilikuwa kimeisikia Kimulimuli.

"Asilimia tisa," Mzee akarudia. "Inapanda."

Mghoi akalia, wala hakuna aliyemwuliza kama analilia setilaiti au analilia seli.

Tarehe 2 Aprili ikaja barua. Kimulimuli ya pili ingeundwa, na ubavuni mwake kingepigiliwa kibati chenye jina la aliyeiokoa ile ya kwanza. Kibati kingekuwa kipana kama ukucha wa kidole gumba, kwa kuwa kila gramu inayorushwa angani hupimwa. Jina moja tu lingeenea.

"Mimi ndiye niliyebonyeza," akasema Mwadime. "Tungeumaliza ule wimbo, tungeimbia kaburi."

"Ungebonyeza moja, mbili, saba," akajibu Mzee Kirigha, "na kaburi hilo ungelichimba wewe. Desturi uliyoikimbia ndiyo iliyokushika mkono."

"Na ndiyo iliyonichelewesha!"

Wakamgeukia Mghoi.

"Bila neno langu msingegusa hata kitufe," akasema. "Miaka yangu sita ilikwenda na neno hilo." Kisha akainama. "Lakini ningelisema saa nne, msingehitaji kukimbia wala kuimba."

Haya, ninyi mliosikia: kibati ni kimoja, na fundi anangoja na patasi mkononi. Je, ni nani aliyestahili jina lake lizunguke angani?

Na atakayejibu asiyafuate masimulizi ya Mwakesi, dereva wa kituo, asemaye kwamba mambo haya yalitukia Ijumaa, na kwamba Kimulimuli, ilipoona jua, ilijigeuza yenyewe. Ilikuwa Alhamisi. Na haikujigeuza, iligeuzwa.