Jina la Kuchongwa Kwenye Kinyago

Leo nina kesi, na mahakimu ni nyinyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Kokubanza alikuwa na jicho: akimtazama mtu aliyekaa zake kimya, anamwona mwigizaji ndani yake. Tatu Shemndolwa alikuwa na uso: akinyamaza, wanaomtazama huguswa zaidi kuliko kama angesema. Na Yanni, Mgiriki mzaliwa wa Arusha, alikuwa na sikio: humsikiliza mwenzake mpaka mwenzake anasahau kwamba anaigiza. Aliyewakutanisha ni Remija Ngonyani, muongozaji wa filamu, na kesi hii imemwangukia yeye.

Remija alikuwa akitengeneza filamu ya huzuni, mapenzi ya zama za ukoloni katika shamba la mkonge Korogwe. Muuguzi Msambaa na mtoto wa mwenye shamba, Mgiriki, wanapendana. Ndugu wa pande zote mbili wanawatenganisha, wasionane tena mpaka siku mwanamume anakata roho hospitalini. Remija alijua kwamba onyesho hilo la mwisho likiharibika, filamu yote imeharibika.

Wafadhili walitaka muuguzi achezwe na nyota mwenye jina kutoka Dar es Salaam. Kokubanza, ambaye kazi yake ni kuchagua waigizaji, akakataa. Alikuwa amemwona Tatu msibani Lushoto, siku ya kumzika mama yake mdogo, akiwapakulia watu chakula. Binti hakudondosha chozi, ila kila aliyepokea sahani mkononi mwake aliondoka akifuta macho. Wafadhili wakauliza ameigiza wapi. Akasema hajaigiza popote, ni mshonaji. Walipocheka, Kokubanza alisimama.

"Akishindwa huyu, msiniite tena kwenye filamu yoyote."

Wakamkubalia kwa sharti hilohilo.

Kwa upande wa Tatu, habari zilifika nyumbani kabla yake. Wajomba walikuja juu, na ukoo wa mchumba wake ukatuma mshenga kuvunja uchumba, kwamba hawaoi mwanamke wa kushikwashikwa na Mzungu mbele za watu. Baba yake, Mzee Shemndolwa, alimwita ndani akamuuliza kama ni kweli.

"Baba, katika picha hii simkumbatii mwanamume," Tatu alisema. "Namzika."

Mzee akamfungulia mlango. "Basi nenda. Na ukimzika, mzike kwa heshima."

Yanni naye, miaka mingi alikuwa akipewa vipande vidogo: leo mtalii, kesho padri, keshokutwa bwana shamba mwenye fimbo. Safari hii alikuwa na hotuba ndefu ya kuagana na dunia, na alijua ndiyo itakayomtoa kwenye vipande hivyo. Siku ya kurekodi aliisema vizuri. Remija alihisi kuna kitu hakijakaa sawa, ila hakujua ni nini. Yanni ndiye aliyejiinua kitandani.

"Futa maneno yangu yote, Remija. Kamera ije upande wangu, imtazame Tatu."

Remija akamwambia kwamba watazamaji wataona kisogo chake tu.

"Najua," alisema, akajilaza.

Wakarudia. Tatu akayatazama macho ya Yanni, ambayo hakuna mtazamaji angeyaona, na macho yale yakamsikiliza. Akamfunga kifungo cha shati, akavuta shuka akaikunja pembeni, kisha akasimama wima. Hakutoa chozi. Remija aliyafuta ya kwake kwa mkono wa blauzi.

Filamu ilipokwisha kuonyeshwa kwenye tamasha, taa ziliwashwa na watu hawakuinuka. Aliyeinuka wa kwanza ni Mzee Shemndolwa, na kanzu yake nyeupe, akawageukia asiowajua: "Huyo ni binti yangu." Akarudia taratibu, ili hata wa nyuma wasikie.

Majaji wakatoa zawadi kwa onyesho lile, kinyago cha mpingo. Chini yake hukaa jina moja tu, la yule ambaye onyesho limezaliwa kwake, na muongozaji ndiye wa kulitaja.

Remija akawaita watatu. Hakuna aliyejishusha, naye aliwapenda kwa hilo. Kokubanza alisema kwamba bila jicho lake, uso ule ungekuwa Lushoto unashona. Tatu alisema, "Dada Remija, sitadai. Lakini sitasema sistahili. Waliokaa kando ya kitanda cha kufa ni wengi kwenye filamu, lakini aliyemwinua baba yangu kitini ni mimi." Yanni alicheka kidogo, akasema yeye aliwapa kisogo, na kisogo kile ndicho kilichoufungulia njia uso.

Mchongaji ameketi, patasi iko mkononi, na Remija amesimama mbele yake, hajataja jina. Jicho lililochagua, uso uliobeba, au sikio lililojifuta? Haya mahakimu, mngekuwa nyinyi, mngemtajia mchongaji jina la nani?