Ngano Iliyovuka Mpaka

Imepokewa kutoka kwa wazee wa Khurasani kwamba katika kijiji kimoja cha milimani aliishi mjane mchamungu, Bi Raihana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watu wa huko hupanda ngano baridi inapokaribia. Huchipua, ikashika mizizi, kisha theluji huifunika miezi mitatu, nayo haifi.

Mwaka huo Bi Raihana alipanda siku ya ukungu mzito, akiwafuata maksai wake wavutao jembe kwa kubahatisha. Baada ya wiki tatu, ngano ilipofika urefu wa kidole, alikwea kilimani kuitazama. Akamsabihi Mola wake kwa uzuri aliouona. Kisha moyo ukamshtuka. Ngano ilikuwa imeyapita mawe ya mpaka kwa hatua kumi, imeingia katika shamba la jirani yake, Sheikh Dhakwani, mzee kipofu ambaye hakupanda kitu mwaka huo.

Ndugu yake, Wahbi, alikuwa kando yake, akiyatazama mawingu yaliyokuwa yakishuka.

"Dada, theluji itaanguka leo. Ikishafunika, hata wenye macho hawataona kitu. Ukivuna, mpelekee mzee sadaka."

"Nimpe sadaka ya kilichoota kwenye ardhi yake?"

Hatua kumi zile zilikuwa mkate wa miezi miwili wa watoto wa Bi Raihana, naye alilijua hilo. Akajitanda ushungi wake, akateremka hadi kwa Sheikh, akamweleza yote.

"Ardhi ni yako, Sheikh, na ngano iliyomo ni yako. Nakuomba unisamehe."

Mzee akaomba apelekwe. Alipofika alipiga magoti, akayapapasa majani taratibu. Akasogea mbele akiyapapasa bila kugeuka, hata Bi Raihana akadhani amekasirika.

"Binti yangu, ulipanda lini?"

"Jumatatu ile ya ukungu."

Machozi yakamtiririka ndevuni. "Asubuhi ile nilikuja hapa. Sikuwa na mbegu hata ya kujaza kiganja, na niliona haya kuwaomba watu. Nikasema: Ewe Mola wangu, ardhi ni yako na mikono yangu mitupu, usiiache tupu msimu huu. Hakuna kiumbe aliyenisikia. Nilipokuwa nikiondoka, nikasikia maksai wako wanakuja."

Bi Raihana akakumbuka jinsi maksai wale, waliolizoea shamba lile miaka sita, walivyokataa kugeuka siku ile, naye akadhani hawajafika mpakani. Theluji ikaanza kuanguka, nyepesi, ikitua juu ya ngano ya huku na ya kule. Wakasimama pale wawili, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Ndugu zangu, lau mama huyu angenyamaza, ngano ingeota vilevile, na mzee angebaki akidhani dua yake haikufika. Ukweli wa ulimi wake ndio uliomfikishia jibu. Mola atujaalie kuisema haki kabla haijafunikwa.