Ukuta Uliohama

Sogeeni jamvini, na msiniambie nipunguze sauti. Hadithi hii hunichemsha damu.

Mfalme mmoja aliogopa zimwi, akaamuru mji uzungushiwe ukuta. Wanawake wakachoma matumbawe, wakatwanga chokaa, na kila jiwe wakalipandisha kwa wimbo. Ukuta ulipokamilika, mfalme akajifungia ndani na wakubwa wake. Wanawake akawaacha nje!

"Mikono yenu imejaa chokaa," alisema. "Mtatuchafulia mji."

Siku zimwi lilipokuja, Mwanamize, kiongozi wa nyimbo, alikimbilia langoni.

"Bwana, tufungulie!"

"Bwana, zimwi hilo!"

"Bwana, tuna watoto!" Mfalme akacheka.

Mwanamize akaligeuzia lango mgongo, akaanza wimbo wa kutwanga chokaa. Wenzake wakaitikia. Mawe yakaitambua sauti. Ukuta ukang'oka, ukatambaa kama chatu, ukawazunguka wanawake na watoto wao, ukaliacha jumba la mfalme wazi.

Mfalme akaja mbio, akagonga lango. "Nifungulieni! Ukuta ni wangu!"

"Uonyeshe ukuta mikono yako," akajibu Mwanamize.

Mikono ilikuwa safi.

Zimwi likamla. Anayemwonea huruma aondoke kwenye jamvi langu.