Hodi Tatu za Mwinyi Shomari

Sogeeni, wajukuu zangu. Alikuwepo Mwanakheri, msuka mikeka, mtu mzima asiyetaka mume. Akiposwa anasema, "Mkeka wangu naulalia mwenyewe, na usingizi siukosi."

Mwinyi Shomari, bwana wa mji, akampenda. Mwanakheri naye alimpenda, ila hasemi. Kumbe Mwinyi kalaaniwa na jini: atayeyuka kama chumvi asipokaribishwa ndani na ampendaye, na sababu asimwambie.

Akaja mlangoni, kivuli hana, kimekwisha kuyeyuka. "Hodi."

"Nasuka, Mwinyi. Ngoja nimalize."

"Hodi." Sauti imepungua.

"Hapa hakuna watumwa wa kukufungulia, subiri." Kumbe anajifunga kanga mpya, anachomeka asumini.

"Hodi." Kama upepo tu.

Mwanakheri akanyamaza. Alitaka amkaribishe uso kwa uso.

Nanyi mnajua, hodi ya tatu isipoitikiwa, mwenye adabu huondoka.

Akafungua. Akakuta viatu peke yavyo, vimeelekea njiani.

"Karibu," akasema. "Karibu. Karibu, Mwinyi wangu."

Mlango ule hakuufunga tena mpaka anakufa. Nami hapo ndipo sauti yangu inapokomea.